Tarakimu Nne za Transponda: Mwongozo kwa Rubani Anayeanza Kuruka Dar

Kila kundi jipya la wanafunzi likifika, maswali kuhusu transponda, kile chombo cha ndege kinachoijibu rada kwa namba na kimo, ni yale yale. "Kapteni, nikipewa namba nikiwa bado maegeshoni, naiweka saa hiyo hiyo au mpaka nifike njia ya kurukia?" "Nikiipita 7700, namba ya dharura, kwa bahati mbaya itakuwaje?" "Mbona rada inaniona futi 1,900 na altimita yangu inasoma 1,500?" Nimeyajibu chini ya bawa la Cessna kwenye maegesho ya Terminal I jua la saa saba likichoma, na nimeyajibu kwa simu usiku wa kuamkia mtihani. Sasa nayaandika mahali pamoja.

Ninayemwandikia ni rubani wa ndege ndogo anayeruka kwa kuona kwa macho, akitoka Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere kwenda Zanzibar, Mafia au Bagamoyo, au akizunguka kwa mazoezi upande wa Kigamboni. Anayeruka kwa kutegemea vyombo atakuta mengi yanamhusu, ila kanuni zake za kupotelewa na mawasiliano ni ndefu zaidi, azisome zenyewe.

VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Kitabu cha maelekezo cha transponda iliyomo kwenye ndege utakayorusha. Cha ndege ya jana hakitoshi, hata kama zote ni Cessna 172.
- AIP ya Tanzania, yaani kitabu rasmi cha taarifa za usafiri wa anga, inayotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Fungua sehemu ya ENR 1.6, ndiyo inayoeleza huduma za rada na namba za transponda. Soma toleo la sasa, si nakala uliyorithi kwa mwenzako.
- Mpango wa safari uliojazwa, hasa kipengele cha 10 kuhusu vifaa.
- Kalamu na karatasi pajani. Namba ya kukumbuka kichwani hupotea pale pale unapoitwa mara ya pili kwenye redio.
- Namba ya simu ya mnara, imehifadhiwa kwenye simu yako kabla ya siku utakayoihitaji.

NADHARIA, KIDOGO TU

Rada ya ardhini hutuma swali kwa masafa ya megahezi 1030, na transponda yako hujibu kwa megahezi 1090. Jibu la Modi A ni ile namba ya tarakimu nne. Jibu la Modi C ni kimo chako, kwa hatua za futi 100. Modi S huongeza anwani ya kudumu ya ndege na jina lake la mwito. Tarakimu zote ni kati ya 0 na 7, ndiyo maana namba zinazowezekana ni 4,096 tu. Ukidhani umepewa namba yenye 8 au 9, umesikia vibaya. Uliza tena.

Neno "squawk" unalolisikia kwenye redio ni mlio wa kasuku. Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walikiita kasuku chombo cha kutambulisha ndege za upande wao, na mlio wake umebaki redioni mpaka leo.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi hawalitilii maanani: rada ya waongoza ndege siyo peke yake inayouliza. Ndege kubwa zina TCAS, chombo kinachouliza transponda za ndege zilizo jirani na kumwonya rubani apande au ashuke. Transponda yako ikiwa imezimwa, kwa TCAS wewe haupo. Ikiwa imewashwa bila kimo, TCAS inaweza kukuona, lakini haiwezi kumwambia mwenzako apande au ashuke ili akukwepe. Tarehe 29 Septemba 2006, angani Brazil, Boeing 737 ya Gol iligongana na ndege ndogo ya jeti aina ya Legacy 600 zikiwa futi 37,000. Transponda ya Legacy ilikuwa imeacha kutuma, kwa hiyo hakuna TCAS iliyotoa onyo upande wowote. Watu wote 154 waliokuwa kwenye Boeing walikufa. Ninapomsisitizia mwanafunzi arudie kuangalia swichi ile ndogo, hiyo ndiyo siku ninayoifikiria.

HATUA KWA HATUA

1. Ijue transponda yako kabla injini haijawaka.

Kaa kwenye kiti, umeme ukiwa umezimwa, uzitafute kwa kidole sehemu zake: OFF, SBY (kusubiri), ON, ALT, na TST (kujijaribu) kama ipo. Kwenye KT 76A ya zamani kila tarakimu ina kitufe chake cha kuzungusha. Kwenye zile za Garmin kama GTX 327 utabonyeza namba, na namba mpya haianzi kutumika mpaka ubonyeze tarakimu ya nne. ON maana yake unatuma namba bila kimo. ALT maana yake unatuma namba pamoja na kimo. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: neno "ON" linawafanya waamini kila kitu kimewaka.

Onyo kuhusu kitufe kilichoandikwa VFR. Ndege nyingi ndogo tunazorusha zimenunuliwa zikiwa zimetumika Marekani, na kitufe hicho hutoka kiwandani kikiwa kimewekewa 1200, namba ya Wamarekani kwa ndege zinazoruka kwa macho. Hapa kwetu usikibonyeze kwa mazoea ya video ulizotazama. Fundi wa avioniki, yaani wa vifaa vya elektroniki vya ndege, anaweza kukibadilisha. Mwombe afanye hivyo.

2. Jaza mpango wa safari kwa ukweli.

Kwenye kipengele cha 10, baada ya mkwaju (/), andika herufi ya transponda uliyonayo: N kama huna, A kwa Modi A pekee, C kwa Modi A na C, S kwa Modi S inayotuma kimo na jina la mwito, E kama Modi S hiyo inatuma na ADS-B, yaani inatangaza yenyewe mahali ilipo. Usikopi herufi ya mpango wa mwenzako. Ukiandika S wakati una C, mwongoza ndege atasubiri taarifa ambayo haitakuja.

Kama una Modi S, ingiza jina la mwito sawasawa na lilivyoandikwa kwenye kipengele cha 7. Usajili wetu huanza na 5H. Uandike bila kistari na bila nafasi katikati. Kwa wale mtakaohamia mashirika makubwa: tumieni herufi tatu za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, si mbili za kwenye tiketi. Air Tanzania ni ATC, si TC. Precision ni PRF, si PW.

3. Injini ikishawaka na umeme wa redio ukishawashwa, weka SBY.

Transponda za zamani zinahitaji kupata moto kwanza, kama dakika moja hivi. Za kisasa hazihitaji, lakini mazoea ni yale yale. Ukiwa SBY hujibu swali lolote, kwa hiyo huu ndio wakati salama wa kupanga namba. Kama hujapewa namba yoyote, kanuni ya jumla ya ICAO ni 2000, isipokuwa pale mamlaka ya nchi imeelekeza vingine. Ndiyo sababu nimekutuma kwenye ENR 1.6 kwanza.

4. Andika, rudia, ndipo uweke.

Mpangilio huu usiuvuruge. Mwongoza ndege atakupa ruhusa yenye mambo kadhaa kwa pumzi moja: mwelekeo, kimo, QNH (shinikizo la hewa la kuweka kwenye altimita), masafa, na "squawk" fulani. Andika herufi S, kisha tarakimu nne. Rudia zote kwa sauti, tarakimu moja moja: "Squawk zero four three one." Akikubali urudiaji wako, ndipo mkono uende kwenye transponda.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye ndege yenye mwanafunzi mpya ni kuweka QNH kwenye transponda. Siku QNH ni 1012, hiyo nayo ni namba halali ya transponda, chombo kitaipokea bila kulalamika, na utaruka ukiwa na namba ambayo hakuna aliyekupa. Ukiandika Q kando ya moja na S kando ya nyingine, hutazichanganya.

5. Zungusha kwa mpangilio ili usipite kwenye namba za hatari.

Namba 7500, 7600 na 7700 zimetengwa, nitazieleza chini. Transponda ya kuzungusha ikiwa kwenye ON au ALT hutuma kila namba unayopita. Nilipokuwa mwanafunzi niliambiwa nitoke 4700 niende 7200. Nikaanza na tarakimu ya kwanza: tano, sita, saba. Hapo hapo nikaitwa kwenye redio nikaacha mkono ili nijibu, na transponda ikabaki 7700, nikitangaza dharura ambayo haikuwepo. Niliulizwa mara moja, nikajibu, nikasahihisha. Lakini kwa sekunde zile kuna mtu aliacha kazi ya ndege nyingine ili anishughulikie mimi.

Tangu siku hiyo ninafundisha hivi: saba ya kwanza iingie mwisho, itoke mwanzo.

Kama namba uliyo nayo haianzi na 7, badili tarakimu tatu za mwisho kwanza, kisha ya kwanza. Kutoka 4700 kwenda 7200 utapita 4200, ndipo 7200. Kama namba uliyo nayo inaanza na 7, iondoe hiyo 7 kwanza. Kutoka 7200 kwenda 1500, ukianza na tarakimu ya pili utatua juu ya 7500 na kuashiria kwamba ndege imetekwa. Ukianza na ya kwanza utapata 1200, kisha 1500. Na kama zote mbili zinaanza na 7, itoe 7, panga zile tatu, uirudishe.

Ukiwa ardhini, panga ukiwa SBY na shida hii haipo. Mpangilio huu ni wa angani, ambako hutakiwi kujizima kwa sababu tu unabadili namba, maana ukienda SBY unapotea kwenye skrini na kwenye TCAS za wengine.

6. Weka ALT kabla ya kuingia njia ya kurukia.

Hii iwe kwenye cheklisti pamoja na taa za kutulia. Kwa ndege ndogo yenye Modi A na C, kuiacha SBY wakati wa kutembea ardhini na kuiweka ALT unapoingia njia ya kurukia ni utaratibu unaokubalika. Kwa Modi S fuata maelekezo ya uwanja husika, kwani viwanja vingine hutaka iwake tangu unapoondoka maegeshoni ili rada ya ardhini ikuone.

Weka ALT, si ON. Narudia kwa sababu wanaoondoka na ON ni wengi mno.

7. IDENT ni ya kuombwa.

Ukisikia "squawk ident", bonyeza kitufe cha IDENT mara moja na ukiachie. Kwa sekunde kama 18 alama yako itajitokeza tofauti kwenye skrini ya mwongoza ndege, naye atakutofautisha na wengine. Usiibonyeze kwa kumsalimia mwongoza ndege wala "kwa kuhakikisha". Pale pa kuingilia anga la Zanzibar asubuhi, ndege ndogo zikiwa zimefuatana, ident ya mtu asiyeombwa inaweza kumfanya mwongoza ndege akudhanie wewe ndiye mwingine.

Ukiambiwa "squawk" namba fulani "and ident", weka namba kwanza, kisha bonyeza.

8. Angani, iache. Ukiulizwa, jua maana ya swali.

"Confirm squawk": soma namba iliyopo kwenye transponda kwa macho yako, kisha uitaje. Usitaje iliyopo kwenye karatasi. Anachotaka kujua ni kile kinachotumwa.

"Recycle squawk" au "reset squawk": iweke upya namba ile ile uliyopewa.

"Stop squawk Charlie, wrong indication": kimo unachotuma kina kasoro. Toka ALT uende ON.

"Squawk standby": nenda SBY, ubaki hapo mpaka uambiwe.

9. Ukitoka nje ya upeo wa rada, bado iache ALT.

Tanzania ina rada za kiraia Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, lakini mawimbi haya hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Ukiacha kimo cha antena yenyewe, ndege iliyo futi 1,000 huonekana mpaka kama maili 39 za baharini. Futi 4,000 mpaka kama 78. Zanzibar ni kama maili 40 kutoka Dar, Mafia ni kama 68. Fanya hesabu mwenyewe: ukienda Mafia kwa futi 1,500, kuna kipande cha safari ambacho rada ya Dar haitakupata hata transponda ikiwa mpya kabisa. Mwanafunzi akisikia ametoka kwenye rada hudhani transponda haina kazi tena, anaizima. Usiizime. Ndege yenye TCAS inayoshuka kuelekea kisiwani inakuuliza yenyewe, moja kwa moja, bila kupitia mnara wowote.

Ukiambiwa huduma ya rada imekoma, uliza kama unabaki na namba yako au unaenda nyingine. Usijiamulie.

10. Ukishatua na kutoka njia ya kurukia, weka SBY.

Kisha panga namba ya kawaida, ili rubani anayefuata asiondoke na namba yako ya leo. Usizime injini ukiacha 7600 au 7700 kwenye transponda kwa sababu mlikuwa mkifanya zoezi. Na mazoezi hayo yafanyeni umeme ukiwa umezimwa au ikiwa SBY, kamwe si kwenye ON "tuone itakavyokuwa".

NAMBA TATU ZINAZOJULIKANA DUNIA NZIMA

7700 ni dharura. Injini imekata, moshi, mgonjwa mahututi, umepotea na mafuta yanaisha. Mpangilio ni kuirusha ndege kwanza, kutafuta mahali pa kwenda pili, kuzungumza tatu. Namba ni sehemu ya kuzungumza, isikutoe kwenye usukani. Na hili huwashangaza wengi: kama tayari uko kwenye mawasiliano na umepewa namba, kanuni ya ICAO ni kubaki na namba hiyo, kwa sababu mwongoza ndege ameshakutambua. Mwambie "Mayday" kwa sauti. Hata hivyo, ukiwa na sababu ya kuamini kwamba 7700 itakusaidia zaidi, una haki ya kuiweka bila kuomba ruhusa. Kama huongei na mtu yeyote, iweke, kisha ita kwenye masafa ya dharura, 121.5.

7600 ni kupotelewa na mawasiliano. Usiikimbilie. Sehemu kubwa ya "redio zimekufa" nilizokutana nazo angani zilikuwa plagi ya hedseti iliyochomoka, sauti iliyopunguzwa kwa goti, au masafa yaliyokosewa tarakimu moja. Kagua hivi: sauti, plagi zote mbili, masafa, redio ya pili, maiki ya mkono kama ipo. Rudi kwenye masafa ya mwisho yaliyokuwa yakifanya kazi. Jaribu 121.5. Bado kimya? Weka 7600.

Kisha endelea kusikiliza, kwani huenda unachoshindwa ni kutuma tu. Mwongoza ndege atajaribu kukwambia: kama unanisikia, bonyeza ident. Ukibonyeza, mmeshapata lugha. Anaweza kukuuliza maswali ya ndiyo tu kwa njia hiyo hadi utue. Toa taarifa zako kwa sauti hata kama hujibiwi, maana huenda unasikika.

Kwa anayeruka kwa macho katika hali nzuri ya hewa: baki kwenye hali nzuri ya hewa, tua uwanja ulio karibu unaofaa, na utoe taarifa haraka kwamba umefika. Uwanja wenye mnara tazama taa zake. Kijani isiyokatika: tua. Nyekundu isiyokatika: mpishe mwenzako, endelea kuzunguka. Kijani ya kupepesa: rudi uje kutua, usubiri kijani isiyokatika. Nyekundu ya kupepesa: uwanja si salama, usitue. Nyeupe ya kupepesa: tua hapa uende maegeshoni. Mchana jibu kwa kutikisa mabawa. Usiku, washa na kuzima taa za kutulia mara mbili.

7500 ni kuingiliwa isivyo halali, yaani ndege kutekwa. Natumaini hutaiweka maisha yako yote, lakini kanuni yake ijue kwa sababu ya kosa la mkono. Mwongoza ndege akiona 7500 atakuuliza uthibitishe namba yako. Rubani aliyetekwa kweli anaweza kuthibitisha au kukaa kimya, na ukimya wake huchukuliwa kuwa ndiyo. Kwa hiyo kama umeipita kwa kukosea, kisha ukaulizwa, usinyamaze kwa aibu ukisahihisha kimya kimya. Jibu papo hapo, useme umekosea kuweka na utaje namba sahihi. Hakuna kosa la transponda ambalo ukimya unalifanya kuwa baya kama hili.

Na 7777? Kwa Wamarekani hiyo ni ya kijeshi. Rubani wa kiraia haimhusu kabisa.

SHIDA ZINAZOJITOKEZA

Mwongoza ndege anasema hakuoni. Angalia swichi kwanza: SBY? Angalia namba. Angalia sakiti breka ya transponda, ile swichi inayokata umeme kukiwa na hitilafu, kama imeruka. Ukiirudisha ikaruka tena, iache ilivyo. Kisha fikiria kimo chako na umbali, kama nilivyoeleza kwenye hatua ya 9.

Unaonekana na kupotea. Mara nyingi ni mwili wa ndege unaoziba antena, ambayo kwa kawaida iko tumboni. Ukilaza ndege kwenye kona, inaelekea pengine. Ikitokea hata ukiwa umenyooka, ukitua ichunguze antena: mafuta ya injini na tope la masika huganda hapo. Ifute kwa kitambaa laini kila ukaguzi wa kabla ya safari, kazi ya sekunde kumi.

Taa ndogo ya jibu haipepesi. Ikiwa uko mbali na rada au chini sana, huenda hakuna anayekuuliza. Ikiwa uko juu ya jiji, futi 2,000, na haipepesi kabisa, omba mwongoza ndege akuangalie.

Kimo kwenye rada hakilingani na altimita. Hili ndilo swali la 1,900 na 1,500. Transponda hutuma kimo kwa kipimo cha hektopaskali 1013.25 siku zote. Ukizungusha QNH kwenye altimita, kinachotumwa hakibadiliki hata futi moja. Kompyuta ya ardhini ndiyo inayokisahihisha kwa QNH ya uwanja. Tofauti inayovumilika kwenye anga letu la chini ni futi 300 juu au chini. Ikizidi, mtuhumiwa wa kwanza ni wewe: kagua QNH uliyoweka. Kila hektopaskali moja ni karibu futi 27 hadi 30, hivyo kukosea hektopaskali 10 pekee kunakufikisha kwenye ukingo huo. Kumbuka pia kwamba ukiweka QNH kubwa kuliko ya kweli, altimita itasoma kwamba uko juu wakati uko chini, na vilima vya Pugu usiku havitakuonya. QNH ikiwa sahihi, mtuhumiwa wa pili ni enkoda ya kimo, kifaa kinachoipa transponda kimo cha kutuma. Nenda ON ukiambiwa, umwone fundi ukitua.

Rada inakuonyesha kwa jina lisilo lako. Jina la mwito kwenye Modi S limeachwa na rubani aliyepita, au limeingizwa na kistari. Lisahihishe. Anwani ya Modi S yenyewe huwezi kuibadilisha ukiwa kwenye chumba cha rubani, ni kazi ya fundi. Kwa ndege iliyosajiliwa Tanzania anwani hiyo huanza na 080. Ukikuta inaanza na A, bado imebaki na utambulisho wake wa Marekani, na mwenye ndege anapaswa kuambiwa leo.

Transponda imekufa ukiwa njiani. Mwambie mwongoza ndege mara moja, usisubiri akugundue. Ataamua kama unaendelea, unarudi, au unabadilishiwa njia. Washa taa zote za nje, toa taarifa za mahali na kimo kwa sauti mara nyingi kuliko kawaida, na macho yawe nje. Ukishatua, iandike kasoro hiyo kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege kabla hujafunga mlango. Kumtajia mtu wa ofisini kwa mdomo hakutoshi, kwa sababu rubani wa alfajiri hatamkuta ofisini. Atakuta ndege na kitabu.